Karani Hajui Kiswahili

Jumatatu, 5 Desemba 1994
Mtoto wa mbwa amekojolea kamusi yangu. Miaka thelathini na mitatu uhamishoni Karagwe, kisha lori hadi Kigali, na kamusi ilifika kavu. Hadi leo!

Nilimleta mwenyewe, ndani ya kikapu cha maharage. Nimemwita Karani kwa sababu ya kola nyeupe shingoni. Dada yangu Générose, aliyekulia Bujumbura, ametoa hukumu. Jumapili wanakuja akina mama wa kikundi chake cha sala. Karani akimsumbua hata mmoja, anahamia kwa Gatera, jirani. Gatera alisikia akiwa uani kwake. Akasema kamba anayo, Mwalimu asihangaike.

Générose ana sababu. Mji huu hauna mbwa tena; wakati wa mauaji walipigwa risasi kando ya maiti. Kila mtu anajua kwa nini, na hakuna anayelitaja. Watu wakimwona Karani wanavuka barabara. Kwa hiyo haitoshi awe mbwa mzuri. Lazima awe mbwa asiye na doa.

Nimewahi kufundisha darasa la watoto sabini. Siku sita zinatosha.

Jumanne, 6 Desemba
Nimetandaza magazeti ya zamani sebuleni yawe choo chake. Nikaanza kuyasoma. Bei ya pamba mwaka 1987! Nilipoinua kichwa, Karani alikuwa amemaliza, kwenye zulia, karibu sana na gazeti. Nimempa alama za jitihada.

Mchana nikamfungia stoo ajifunze upweke. Akalia. Nikafungua. Nikamfungia tena. Akalia zaidi, nikafungua haraka zaidi. Trinah, mpwa wetu aliyerudi kutoka Kampala, alisema mafunzo yanakwenda vizuri: Mjomba ameshaelewa somo.

Jumatano, 7 Desemba
Meno! Nimempa ndala yangu kuukuu aitafune, aache viatu. Mkakati safi. Jioni ametafuna kiatu cha kulia cha Générose, kile cha kanisani. Ndala hajaigusa.

Nimekificha chini ya kitanda changu. Générose amekitafuta nyumba nzima. Nimemsaidia kutafuta, dakika arobaini.

Alhamisi, 8 Desemba
Nimegundua chanzo cha utovu wa adabu. Trinah humwambia "Sit!" Mimi "Kaa!" Générose, akivutwa sketi, "Assis!" Kila mmoja wetu amerudi na lugha ya watu waliompokea, na wote tunammwagia mbwa mmoja. Kinyarwanda tumekiweka kwa ajili ya ugomvi.

Amri: Kiswahili tu! Nimeibandika kwenye mlango wa jikoni. Sababu ya siri: Gatera anajua Kiswahili cha sokoni tu, cha bei gani na punguza. Hata akimchukua Karani, hataweza kumtawala. Atamrudisha ndani ya wiki.

Générose aliisoma amri, akabana midomo, akasema sawa, musaza wanjye, yaani kaka yangu, yeye hazungumzi na mbwa.

Jumamosi, 10 Desemba
Siku tatu mfululizo nimeshuka hadi mtaa wa Sonatubes kununua dagaa wa zawadi. Saa mbili kila safari, maana pale huwa nakutana na walimu wenzangu. Nikirudi, Karani anawanusa dagaa na kugeuka. Ameshiba, sijui nini. Amekaa kwa amri yangu mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na usingizi.

Gatera aliuliza juu ya ua kama mwanafunzi ameshapangiwa sekondari. Nikacheka baadaye, peke yangu, bila furaha.

Jumapili, 11 Desemba
Akina mama wanne. Gatera naye, eti kusalimia, kamba mfukoni. Karani akatoka jikoni mbio moja kwa moja hadi kwa mama mkubwa kuliko wote. Yule mama akapandisha miguu kwenye kiti na kushika rozari. Uso wake! Hakuna aliyecheka.

Nikasema kaa. Nikasema kaa! Nikasema KAA, kwa sauti ya gwaride la shule. Karani akadhani namshangilia. Gatera akatoa kamba.

Ndipo Générose, bila kuinuka, akasema polepole: assis. Karani akakaa. Couché. Akalala, kidevu sakafuni. Yule mama akashusha mguu mmoja. Baada ya muda mrefu, wa pili. Kisha akauliza mbwa anaitwa nani.

Kumbe! Kila nilipokuwa Sonatubes, Générose alikuwa darasani. Maini, neno moja lile lile, sauti ya chini, zawadi papo hapo. Huko Bujumbura walifuga mbwa watatu. Sikuwahi kumuuliza.

Kamba imerudi mfukoni. Karani anabaki. Machozi yalinilengalenga, nikasingizia moshi wa jikoni. Hapo Karani akaingia chumbani kwangu, akatoka na kiatu, akakiweka miguuni pa Générose mbele ya wageni wote. Gatera alicheka hadi akakaa chini, bila amri.

Jumatatu, 12 Desemba
Générose amenishauri nitumie neno lake, basi, yaishe. Nimekataa kwa heshima. Karani hana tatizo la adabu, ana tatizo la msamiati. Nimeandika kwa chaki ukutani, kimo cha mbwa: "assis" kushoto, "kaa" kulia. Nimemfafanulia mara mbili.

Amekula chaki. Kesho nitatumia makaa.