Nampendekeza Babu

Jumamosi, tarehe 10 Januari

Mvua tangu asubuhi. Babu bado ameugeukia ukuta. Ni wiki ya sita sasa tangu kiharusi kimchukue mkono wa kulia, na kwa mtu aliyeketi miaka arobaini mbele ya posta akiwaandikia watu barua, mkono wa kulia ndio mtu mwenyewe. Nilipompelekea chai alisema, kwa mdomo wake uliopinda, kwamba ameandika barua zaidi ya elfu kumi na hakuna hata moja yenye jina lake. Akafumba macho. Chai ikapoa.

Nimeamua. Babu atapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi kabla hajafa. Sijamwambia mtu ila dada, aliyecheka mpaka akapaliwa na mate. Stahili yake.

Jumatatu, tarehe 12 Januari

Nimesoma masharti maktabani. Mambo mazito! Mtu hawezi kujipendekeza mwenyewe. Wafu hawapewi. Mapendekezo yafike kabla Januari haijaisha, tena yatoke kwa watu kama maprofesa wa fasihi, na katika ukoo wetu aliyesoma sana ni mjomba, ambaye husoma mita za maji.

Mkutubi alinipa anwani ya chuo kikuu. Akauliza babu yangu ametoa vitabu vingapi. Nikajibu kwamba yeye huchapisha kwa njia ya posta. Akanitazama kwa huruma. Sipendi kuhurumiwa na mtu anayetafunia karanga juu ya kamusi.

Nimemwandikia profesa kurasa nne. Kilichobaki ni kuambatisha maandishi ya Babu.

Jumatano, tarehe 14 Januari

Ushindi! Jirani yetu mshonaji ana barua kumi na moja katika kopo la biskuti, za mume wake kinyozi, enzi za uchumba. Alinisomea moja huku mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Nikaitazama. Mwandiko wa kulala, herufi zote zimeegemea kulia kama watu wanaosukuma gari. Ni wa Babu! Alinifundisha mwenyewe: wa kulala kwa wanaume, wa duara kwa wanawake, ili wateja waridhike.

Nikafurahi sana, nikasema hivyo kwa sauti.

Cherehani kikanyamaza. Mshonaji akauliza polepole, "Mwanangu, unasema nani kaandika?" Nikarudia, kwa sababu tumefundishwa kuwajibu wakubwa kwa ufasaha. Alinisukumia kopo lote akasema nenda nalo, sitaki kuliona. Nimezituma tatu bora kwa profesa leo leo, pamoja na zile kurasa nne.

Ijumaa, tarehe 16 Januari

Kinyozi amelala siku mbili kwenye kiti chake cha kunyolea. Shingo haigeuki. Mshonaji alikuja kudai barua ili azichome moto. Nikampa nane, nikaeleza kwamba tatu ziko njiani kwa profesa. Alikaa chini palepale mlangoni. Hakulia. Ningependelea alie.

Jioni akaja kinyozi, akageuza mwili mzima ili anitazame. Akaniita mchonganishi, akaniita redio bila kitufe cha kuzimia. Kisha akatoa bahasha mfukoni: majibu ya mkewe, ya miaka ile. Akasema sawa, yeye ni mwongo, lakini walau mwenzake aliandika kwa moyo wake mwenyewe, ona.

Nikaona. Mwandiko wa duara.

Hapa nilinyamaza. Naomba ikumbukwe kwamba nilinyamaza, nikahesabu mpaka saba. Lakini alinisihi niseme, na mwalimu wetu husema ukweli ukidhihiri uongo hujitenga. Nikasema.

Kumbe Babu alijitongoza, akajijibu, akajikataa mara mbili, na mwisho akajikubalia. Kama hiyo si fasihi, sijui fasihi ni nini.

Jumapili, tarehe 18 Januari

Sasa hawasemezani. Kila mmoja anadai mwenzake ndiye aliyemdanganya kwanza. Miaka ishirini na miwili ya ndoa!

Mama amepata habari kwenye kisima cha habari zote, yaani kwa dada. Alinishika sikio akanipeleka mbele ya Babu nitubu. Nikaeleza kila kitu: tuzo, profesa, kopo. Babu akaomba ageuzwe. Mara ya kwanza kuomba mwenyewe kuuacha ukuta. Akasema neno mojamoja, na mate yakimtoka: "Mjukuu wangu. Mwandishi wa barua ni kaburi. Mimi sikulilia jina. Nilikuwa najisifu."

Mama alimfuta mdomo. Babu akarudi ukutani.

Nimelia sana. Kisha nikakumbuka kwamba waandishi wakubwa wote hujifanya hawataki tuzo.

Jumanne, tarehe 27 Januari

Profesa hajajibu. Siku kumi na tatu. Dada anasema barua yangu imefungiwa vitumbua. Nilikaribia kuamini. Nikarudi maktabani kusoma masharti upya, na hapo, katika aya niliyoiruka, nikakuta kwamba majina ya wanaopendekezwa hufichwa miaka hamsini! Hamsini! Haambiwi mtu, hata mpendekezwa mwenyewe. Sasa profesa angenijibuje? Kimya chake ndicho jibu.

Nilikimbia mpaka nyumbani. Nikamwambia Babu kwamba amependekezwa na ni siri, hakuna atakayejua mpaka miaka hamsini ipite, kwa hiyo hata yeye kama kaburi hana cha kulalamikia. Mabega yakaanza kutikisika. Nikamwita Mama kwa hofu. Kumbe anacheka! Alicheka kwa nusu ya mdomo, machozi yakamshuka upande mmoja, akanishika kwa mkono wa kushoto na hakuniachia mpaka usingizi ukamchukua. Vidole vyake baridi.

Ijumaa, tarehe 30 Januari

Babu alifariki Jumatano alfajiri. Tumemzika jana. Mvua haikukoma.

Kinyozi na mshonaji walikuja, wakakaa kila mmoja mwisho wake wa benchi. Watu wengi nisiowajua walisimama nyuma. Hakuna aliyesema Babu alimwandikia nini. Mama amechukua kalamu zake akazifungia kabatini, akaniapisha nisiandike tena barua kuhusu mambo ya watu wengine. Nimeapa. Nimeapa kwa moyo wote.

Lakini Januari inaisha kesho, na wafu hawapewi. Profesa asije akasikia uvumi. Kwa hiyo leo, baada ya watu kuondoka, nimeandika kwa penseli barua fupi isiyohusu watu wengine, kwa kuwa si mimi niliyeiandika. Ni Babu. Mwandiko wa kulala, na mara hii jina lake lipo chini. Nimeituma kabla posta haijafungwa. Inaanza hivi: "Mpendwa Profesa, mimi ni mzima wa afya njema, hofu ni kwako wewe uliye mbali na macho yangu."