Mkalimani wa Spika

Jumanne, 13 Novemba 2012

Namshukuru Mungu kwa mbwa wa Daktari Pieter. Tangu nistaafu Idara ya Mifugo nimemlisha mbwa yule kila bwana wake aliposafiri. Hilda, mke wangu, alikuwa akinicheka kwamba nimegeuka yaya wa mbwa. Leo daktari amerudi kwao Uholanzi na mbwa wake, na mimi nimeachiwa spika mbili.

Spika zenyewe kila moja ina uzito wa kondoo. Nyeusi, hazina taa za rangi wala urembo wowote. Daktari alikuwa akizisikiliza amefumba macho. Aliniambia amplifaya zimo humo humo tumboni, kila spika na waya wake wa umeme, na nisichomeke kitu kingine kabla ya kuuliza. Nikamwambia nimeelewa.

Nimeziweka sebuleni. Taa ndogo ya kijani imewaka kila upande. Nimetega sikio, nikasikia shiii kama mvua iliyo mbali. Zi hai.

Jioni nimepita mazoezi ya kwaya. Kwaya ya Hilda imerekodi sidii Arusha, ya kwanza maishani mwao, na Hilda ameimba ubeti mzima peke yake. Itafika Ijumaa. Walipanga kuisikiliza Jumapili baada ya misa kwa Alfredi, kaka yake Hilda na jirani yangu, kwa sababu ana sabufa ya taa za bluu. Sabufa hiyo imempa heshima kubwa mno hapa Endagikot. Nikasimama nikasema nyimbo za Mungu hazisikilizwi kwenye kitu kinachowakawaka kama baa, na kwangu kuna spika za Ulaya. Mama Bernadina, mwenyekiti wao, akaona ni kweli. Basi itakuwa kwangu.

Alfredi alikuwa ameshanunua soda. Akasema soda atazileta kwangu. Upole wa namna hiyo unaudhi.

Nafasi ya mlezi wa kwaya iko wazi. Sijaigusia. Nimekaa tu mahali ninapoonekana.

Jumatano, 14 Novemba

Mjini Mbulu, dukani kwa Zubery. Yeye anauza redio, simu na kila kitu chenye waya. Nikamweleza: nina deki yangu ya zamani ya kuchezea sidii, nina spika za daktari, nataka zikutane. Akatoa waya wenye vichwa viwili, chekundu na cheupe. Akasema huo tu unatosha, kutoka deki hadi spika.

Mwembamba kama kamba ya kiatu. Nikaona ananichukulia mshamba. Spika yenye uzito wa kondoo hailishwi kwa kamba ya kiatu. Nimemshukuru kwa heshima, nikaondoka bila kununua.

Nyumbani nilikuwa na kipande cha waya mnene kilichobaki fundi alipoingiza umeme. Hakikuingia kwenye matundu ya deki. Nikapasha msumari moto ili niyapanue kidogo.

Matundu yameyeyuka yote mawili.

Hilda aliuliza nini kinaungua. Nikamwambia ni kwa jirani. Akatoka kwenda kumwangalia kaka yake, nami nikapata nafasi ya kufungua madirisha. Nashukuru deki bado inawaka.

Alhamisi, 15 Novemba

Kwa Zubery tena, deki nikiwa nimeifunika koti. Aliitazama. Akauliza nani kafanya hivi. Nikasema panya. Akasema panya wa Endagikot siku hizi wana msumari wa moto.

Lakini ni mtu mwema. Akaigeuza, akanionyesha nyuma tundu la pembe nne lenye kijimlango. Akalifungua, taa nyekundu ikawaka ndani. Nikaruka nyuma nikidhani sasa inaungua kweli. Akacheka mpaka akakaa.

Alinieleza hivi. Tundu lile hutoa muziki kwa mwanga, kupitia waya wake maalumu. Ila mwanga ule ni namba tupu, na spika zangu namba hazizijui, zinajua umeme. Katikati anatakiwa mkalimani. Nikaelewa mara moja. Ni kama padre mgeni anapohubiri kwa Kiswahili na wazee wanasubiri tafsiri ya Kiiraqw. Mkalimani huyo ni kisanduku kidogo kama kiberiti kikubwa. Upande huu unaingia mwanga, upande ule unatoka ule waya wa vichwa vyekundu na vyeupe.

Nikasema nipe. Akasema kilikuwa kimoja, na jana jioni amekichukua shemeji yangu Alfredi, kwa ajili ya televisheni yake mpya. Kingine kitatoka Arusha, labda wiki ijayo.

Nimenunua waya wa mwanga na ile kamba ya kiatu. Kurudi mikono mitupu ni aibu.

Hilda ameshauri tuazime deki nyingine. Nimemwambia mwenye spika za Ulaya haazimi deki.

Alasiri nilikwenda kwa Alfredi. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya milima. Nikakitazama kile kisanduku nyuma ya televisheni yake, nikatikisa kichwa. Nikamwambia wataalamu wanasema vitu vinavyopitisha mwanga kwenye waya huvuta radi. Mwanga huita mwanga. Nikataja nyumba moja upande wa Hanang, bila jina. Nikasema mimi ningeweza kukitunza, kwa kuwa nimestaafu na nina muda wa kukiangalia.

Alfredi alibadilika rangi. Akakichomoa pale pale. Akanishika mkono akanishukuru kwa muda mrefu. Ila kunipa alikataa. Alisema hawezi kumpelekea dada yake hatari nyumbani. Amekifungia kwenye kabati, kimeviringishwa blanketi.

Ijumaa, 16 Novemba

Alfredi ana moyo mzuri. Hilo ndilo tatizo lake. Tangu asubuhi amezunguka nyumba hadi nyumba kuwaonya watu kuhusu radi, na kila mahali ametaja kwamba ni mimi niliyemfumbua macho.

Mama Bernadina akaanza kufikiri. Akauliza: kama kisanduku kidogo kinavuta radi, je, spika kubwa zenye umeme tumboni? Tena mbili?

Kufikia saa kumi habari ilikuwa imekomaa. Nyumba yangu itapigwa radi mbili, moja kila upande.

Sidii imefika. Mama Bernadina hakuingia ndani, amempa Hilda juu ya ua kwa mkono ulionyooshwa. Akasema wanakwaya watakuja Jumapili kama hakutakuwa na mawingu. Na hapa ni Mbulu, mwezi wa kumi na moja, msimu wa mvua.

Hilda alikaa na sidii mapajani. Kwenye jalada wameandika jina lake kwa herufi ndogo, chini kabisa. Amelisoma, amelifuta vumbi ambalo halikuwepo, amelisoma tena. Nashukuru hakuniuliza kitu.

Jumamosi, 17 Novemba

Mama mkwe amefika kutoka Tumati. Mama Kornelia. Kwa gari, kisha kwa miguu, na magoti yale yanayomsumbua. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza kama bado ninafuga mbwa wa Wazungu.

Amekuja kusikia sauti ya binti yake. Kanisani Hilda anakoimba hajafika tangu magoti yakatae. Kiswahili chake ni cha mnadani na cha misa tu, kwa hiyo mengine alimwambia Hilda kwa Kiiraqw, taratibu. Nilisikia anasema hajui kama mwakani atapanda tena mlima huu.

Wakati wako jikoni nimejaribu la mwisho. Mwanga ni mwanga. Nimechomeka waya kwenye deki, ncha yake nyekundu nimeielekeza kwenye tundu la spika, nikaifunga kwa selotepu. Nikaweka sidii. Shiii. Nikasogeza. Shiii. Nimesali Baba Yetu. Shiii.

Ngurumo imepita kwa mbali. Nilifikiria kwenda kwa Alfredi kumweleza ukweli. Lakini ukweli huo una mambo mengi ndani yake: kuna msumari, kuna panya, kuna nyumba ya Hanang. Ni mzigo mkubwa kumtwisha mtu siku ya Jumamosi. Nimeongeza Salamu Maria tatu.

Jumapili, 18 Novemba

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Misa imeisha chini ya mawingu meusi. Niliazima mabenchi, nikayapanga mpaka uani. Hilda alivaa kitenge cha sare ya kwaya. Mama Kornelia akakaa katikati, spika huku na spika kule. Chai ikachemka. Hakuja mtu.

Mvua ikaanza. Mama akauliza wimbo uko wapi. Nikasema umeme leo ni mdogo. Akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya kichwa changu. Hilda aliinuka akaanza kukusanya vikombe ambavyo havijatumika. Alivikusanya polepole, kimoja kimoja, na kila kimoja kilinigonga mimi.

Hapo mlango ukafunguka. Alfredi, amelowa, ameficha kitu chini ya koti ndani ya mfuko wa nailoni.

Alimwamkia mama yake. Kisha akaniambia, "Shemeji, nimekaa nyumbani nimeshindwa. Mama yuko hapa, Hilda yuko hapa. Kama radi inakuja, itukute pamoja."

Akatoa kile kisanduku. Nje ngurumo ikapiga, akafumba macho, akangoja. Akayafumbua. Akauliza kinachomekwa wapi.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nataka kusema ukweli. Nikasema, "Anza na waya wa mwanga."

Akachomeka wa mwanga, akachomeka kamba ya kiatu, chekundu kulia, cheupe kushoto. Ile shiii ikatoweka. Halafu kikaja kimya ambacho sijawahi kukisikia kwenye redio yoyote, kimya cha chumba chenye watu. Mtu akakohoa, nikageuka kutazama ni nani. Alikuwa ndani ya sidii. Kisha kwaya yote, sauti nne, kila mtu mahali pake. Sabufa ya Alfredi inakupiga tumboni. Hizi zinakuweka benchi moja na waimbaji.

Ulipofika ubeti wa Hilda, kabla ya neno la kwanza, alisikika akivuta pumzi.

Mama Kornelia akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya spika, kama unavyompima mtoto homa. Akasema kwa Kiiraqw kwamba hivyo ndivyo Hilda alivyokuwa akivuta pumzi akiwa mdogo, akifika juu ya kilima na mzigo wa kuni. Akaomba warudishe. Hakutaka wimbo, alitaka ile pumzi. Alfredi akairudisha, na tena, na tena. Hilda alijifunika uso kwa kitenge.

Mimi nilitoka nje kuangalia mvua. Mvua ilikuwa sawa tu. Niliendelea kuiangalia mpaka nikaweza kurudi ndani.

Nilipogeuka, Mama Bernadina alikuwa uani na mwavuli, ametega sikio. Nyuma yake wengine watatu, kisha kumi, kisha mabenchi yakajaa. Sidii imepigwa yote mara mbili. Soda za Alfredi zilitosha kila mtu.

Mwishoni Alfredi alisimama. Akawaambia watu wote kwamba mimi ndiye niliyemwonya, ninamjali jirani, na anamshukuru Mungu kwa shemeji kama mimi. Wakanipigia makofi. Nikayapokea nimeinamisha kichwa.

Kisha Mama Bernadina akasema mlezi wa kwaya lazima awe mtu aliye tayari kuikabili radi kwa ajili ya kwaya. Wakamchagua Alfredi, bila kupingwa.

Nilipiga makofi pamoja nao. Ajabu ni kwamba haikuuma sana. Mama Kornelia alinivuta mkono akanikalisha karibu yake, akaniambia kwa Kiswahili chake cha mnadani: "Mali nzuri hii. Asante."

Nimelisikia neno hilo kutoka kwake mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. Nashukuru. Leo nashukuru kwa kila kitu, hata kwa mvua.

Jumatatu, 19 Novemba

Alfredi amekataa kukichukua kisanduku. Amesema kibaki kwangu, kimezoea. Atasubiri kingine kutoka Arusha. Sina neno la kumlipa mtu huyu. Asubuhi nimemwombea kwa jina.

Ila kuna jambo. Sasa hofu ya radi imemtoka, na sabufa yake, aliyokuwa ameizima tangu Alhamisi, imeamka saa kumi na mbili asubuhi. Besi inapita ukutani kwangu. Mama mkwe anataka kusikia pumzi ya Hilda kabla ya kuondoka, na badala yake anasikia dum dum.

Nimeona nimsaidie Alfredi apunguze, kwa hekima, bila kumuudhi. Yeye anafuga nguruwe upande wa nyuma wa nyumba yake. Nikamwambia uani kwamba, kitaalamu, nguruwe akisikia besi kila siku hanenepi. Anajua nimetoka Idara ya Mifugo. Alishtuka. Akasema ni kweli, amewaona wamekonda. Akanishukuru sana, akaenda mbio.

Nilingoja sabufa ipungue. Haikupungua. Saa nne amekuja na nguzo na misumari. Amefikiri, akaona spika zangu zina sauti laini ya kumtuliza mnyama. Anajenga banda jipya upande huu wa ua, chini ya dirisha la sebule yangu. Nguruwe wote watahamia kesho.

Nashukuru kuwa na jirani anayefuata ushauri. Wapo wachache. Nimekaa hapa dirishani natafuta la kumwambia kuhusu nguruwe na nyimbo za kanisa. Lazima liwe jambo la kitaalamu.