Mtu wa Mizani Hapunjwi Bolti

Jumatatu, 16 Desemba 2024. Bariadi.

Leo natimiza miaka arobaini na mmoja tangu nitoke Rombo. Nilikuja kwa msimu mmoja tu, karani wa mizani ya pamba. Msimu haujaisha! Nimestaafu hapa, nimemwoa Nyanjige wa Sapiwi, nimemzaa Jenifer, na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, naila kuliko wenyeji. Lakini Krismasi hii nakwenda nyumbani. Mdogo wangu Erasmus amepiga simu. Tarehe 26 ukoo unakaa. Kihamba cha mama, shamba letu la migomba lenye makaburi, hakina mtu. Anayekitaka asimame pale kwa miguu yake. Nisipofika, ni cha Erasmus. Nikamjibu nitafika, tena kwa gari langu. Alicheka mpaka simu ikakatika.

Jumanne, 17 Desemba

Gereji kwa Mayala. Injini ya Corolla yangu imefumuliwa mezani kama mbuzi wa sikukuu. Mayala kaniambia niagize bolti mpya za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni. Za zamani hazirudishwi, alisema, na akaeleza sababu kwa kirefu. Sikumsikia. Nilikuwa namwangalia jirani yangu Mayunga, ambaye Corolla yake imelala pembeni ya yangu kwa ugonjwa uleule. Alikuwa akiwatangazia watu kwamba gari la Mchaga likifika Maswa, litakuwa limevutwa na ng'ombe. Subiri!

Jumatano, 18 Desemba

Bolti zimefika na basi la Mwanza. Nimezisimamisha mezani, mpya na za zamani. Mpya ni fupi! Kwa unene wa ukucha tu. Mwingine asingeona. Mimi nimeishi na mizani. Nimekamata mawe ndani ya pamba, maji ndani ya pamba, na mzee mmoja wa Bukundi aliyekanyaga mizani huku akinisalimia mwangaluka kwa adabu zote. Nimepunjwa! Nikamweleza Mayala. Akasema ufupi huo ndio unaotakiwa. Bila shaka! Muuzaji na fundi, lugha moja. Sikubishana. Nimeanza kupanga.

Alhamisi, 19 Desemba

Ushindi! Usiku nilizisugua za zamani kwa majivu mpaka zikang'aa kuliko mpya. Mchana Mayala akaenda kula, nami nikazibadilisha. Akarudi ameshiba, akafunga zote nane huku akipiga mluzi.

Na zile fupi? Hapo ndipo akili yangu ilipojishangaa yenyewe. Nimempa Mayunga. Bure! Alikuwa amekosa bolti mji mzima. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kaka. Alikaribia kulia. Nilikaribia kucheka. Mungu anisamehe, ila asifanye haraka.

Jumamosi, 21 Desemba

Injini imeamka! Sauti kama paka aliyeshiba maziwa. Nimezunguka soko, nimepiga honi mbele ya nyumba ya Mayunga. Akatoka na mswaki mdomoni kuuliza kama naleta bibi harusi.

Nyanjige anasema basi la Moshi bado lina nafasi. Basi! Miaka yote nimeshuka Rombo na kuku wa watu wengine mapajani, Erasmus akinitazama viatu. Nimekataa. Akasema, "Baba Jenifer, kihamba kinasubiri mtu, hakisubiri gari." Maneno mazito. Nimeyasifu, nikaenda kuosha gari.

Jumatatu, 23 Desemba

Tuliondoka alfajiri. Niliimba. Karibu na Maswa kitu kikaanza kugonga chini, kwanza kama kidole mlangoni, halafu kama mchi kinuni. Nikaongeza sauti ya redio. Nyanjige akaipunguza. Nikaiongeza tena. Kisha kishindo! Konrodi ilitoboa ubavu wa injini ikatoka nje kuangalia hali ya hewa. Oili barabara nzima.

Nyanjige alishuka, akakalia gunia la mchele wa zawadi, akafungua michembe. Akaitafuna akiitazama oili. Afadhali angenigombeza.

Ikaja Corolla moja, laini, haina hata kikohozi. Mayunga, anakwenda Maswa kwa wakwe zake! Akapunguza mwendo kunisalimia.

"Mwadila, Mchaga! Ng'ombe wako wapi?"

Aligeuza, akatuvuta kwa kamba hadi Bariadi, kichwa nje ya dirisha, akizisifu bolti zangu njia nzima. Zinaimba, kaka! Zinaimba! Nimepiga simu kwa mabasi yote. Yamejaa mpaka sikukuu ipite.

Jumanne, 24 Desemba

Mayala kafungua injini, kakuta bolti moja imekatika. Akaitambua. Akapiga kelele hadi wauza nyanya wakasogea kusikiliza: bolti ya zamani ni ndefu kwa sababu imevutika, mzee, kama lastiki ya chupi! Urefu ule ndio ugonjwa wake! Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Mtu ana hasira, humkatizi.

Alhamisi, 26 Desemba

Erasmus amepiga. Kikao kimekwisha kabla ya mbege, pombe ya ndizi, kuisha. Kihamba ni chake. Safari hii hakucheka. Aliniuliza taratibu kama naumia. Nikamwambia simu haisikiki vizuri. Ilisikika vizuri sana. Nyuma yake nilisikia upepo kwenye migomba ya mama.

Ijumaa, 27 Desemba

Nimeunganisha vipande vya bolti iliyokatika, nikapima. Ndefu kuliko zote! Imekatika, lakini haijapungua hata chembe. Hiyo ndiyo bidhaa! Basi kosa lilikuwa la oili. Zile saba nzima nimezipaka grisi. Mayala ananitafutia injini nyingine, naye kila mchana lazima ale.

Nyanjige ameuliza gari ni la nini sasa. La kumpita Mayunga, nikamwambia.

Rombo sitarudi.