Ubingwa wa Miaka Isiyochezwa

Serikali ikishaamua kwamba jambo la zamani lilitokea, basi lilitokea. Kwa msingi huo imara, mwishoni mwa mwaka 1970, idara yetu ya michezo pale Maskati, yenye chumba kimoja, feni moja na mkurugenzi mmoja, ilitangaza kuundwa kwa Kamati ya Kuhakiki Ubingwa wa Kale. Mimi, Sleyum bin Thani, nilikuwa katibu wake. Nayasema haya bila ya majivuno, ingawa sababu za kujivuna zipo.

Kazi ilikuwa nyeti. Timu ya mpira wa kikapu ilikuwa inakuja kutoka Bahrain, na sisi tulitakiwa tutoe timu moja ya kucheza nayo. Tulikuwa nazo mbili, Bustani na Mnarani, zote za watu waliosoma Unguja, katika vyuo viwili vya ualimu vilivyotazamana barabarani. Mtu mwenye akili za kawaida angesema: zichezeshwe, itakayoshinda ndiyo iende. Ndiyo maana watu wenye akili za kawaida hawatiwi kwenye kamati. Sisi tuliamua itakwenda ile yenye ubingwa mwingi zaidi tangu zamani.

Taabu ilikuwa ushahidi. Vikombe vilibaki Unguja. Mwaka wa sitini na nne watu waliondoka na walichokivaa, na hakuna aliyekuwa amevaa kikombe.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mkurugenzi mwenyewe, Sheikh Marhoon, aliyesoma Bustani. Mdai wa Mnarani alikuwa Bwana Harub, fundi mkuu wa mitambo ya maji. Hawa wawili ni mashemegi, kwani mke wa Sheikh Marhoon, Bi Mahfoudha, ni dada mkubwa wa Harub. Walikuwa hawasemezani. Harub alikula yamini kwamba hataikanyaga nyumba ya shemegi yake mpaka ubingwa wa Mnarani utambuliwe, na Sheikh Marhoon akajibu kuwa nyumba yake ina wageni wa kutosha. Na wiki hiyohiyo Nasriya, binti wa Sheikh Marhoon, alikuwa anaolewa. Mtoto wa watu alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni. Alisema bila ya mjomba wake, hatoki chumbani.

Kwa hiyo Kamati ilikaa chini ya mzigo mzito, na chini ya feni.

"Bustani ina ubingwa saba," alifungua Sheikh Marhoon.

Harub alinigeukia mimi. "Muulize mwenyekiti wako, hizo saba alizichezea wapi? Usingizini?"

Nilimuuliza mwenyekiti wangu, ambaye goti lake lilikuwa linagusana na la Harub.

"Mjibu hivi," alisema Sheikh Marhoon. "Mbili uwanjani. Moja mwaka ambao Mnarani waliumwa matubwitubwi wakashindwa kuja. Nne ni za miaka ambayo haikuchezwa. Bingwa hubaki bingwa mpaka afungwe. Hiyo ndiyo kanuni."

"Kanuni tangu lini?"

"Tangu asubuhi," nilijibu kwa niaba ya idara, nikamwonyesha muhuri, wino wake bado mbichi.

Harub hakuwa mtu wa kushindwa na muhuri. Alisema kabla ya chuo chao kufunguliwa, waashi waliokuwa wanakijenga waliwafunga waashi waliokuwa wanaijenga Bustani. Kamati ikatafakari. Je, mwashi wa chuo si mtu wa chuo? Ikampa. Sheikh Marhoon akaukumbuka ushindi wa wapishi. Harub akaukumbuka ushindi wa walinzi, tena gizani. Ilipoadhiniwa adhuhuri, timu hizi mbili zilikuwa na ubingwa kumi na moja kila moja. Ukihesabu vizuri, Unguja nzima ilikuwa haifanyi kazi nyengine.

Baada ya sala, Sheikh Marhoon alirudi na uso wa mtu aliyefunuliwa jambo.

"Pakacha," alisema.

"Naam, Sheikh?"

"Pakacha ni kikapu. Nani atabisha? Nilipokuwa mdogo, shambani kwetu, tulilifunga pakacha juu ya mnazi, kando ya sakafu ya kuanikia karafuu, tukawa tunatia mpira wa matambara. Mimi na huyu bwana, kabla hatujakwenda chuo chochote. Aliyeshinda pale ndiye bingwa wa kwanza. Na shahidi yupo."

Landrova ya idara ikatumwa Sidab, nyumbani kwa mwenyekiti, ikamleta Bi Mahfoudha, hina ya mkononi haijakauka.

"Mmeniitia nini?" aliuliza mlangoni. "Nna nyumba imejaa watu, nna halwa jikoni, nna bibi harusi anayelia. Nyinyi mnanitia kwenye mipira!"

"Swali moja tu, Bi Mahfoudha," nilisema. "Kule sakafuni, kwenye pakacha, nani alishinda?"

"Mimi."



"Wewe ulikuwa unatuokotea mpira," alisema Sheikh Marhoon.

"Nilikuwa nnauokota kwa sababu ulikuwa hauingii, baba Nasriya. Wewe ulimpiga kuku. Huyu ndugu yangu alivunja chungu cha bibi. Mimi nikatia, nikatia tena, mpaka bibi akatoka na mkwaju tukakimbia sote."

"Mwambie mwenyekiti wako," Harub aliniambia, "kuku alikufa."

Wajibu wangu ulikuwa dhahiri. Nilisimama nikaisoma kanuni: bingwa hubaki bingwa mpaka afungwe. Nikauliza kama kuna yeyote kati ya mabwana hawa aliyewahi kumfunga Bi Mahfoudha. Sheikh Marhoon alimtazama Harub. Harub aliitazama feni.

"Basi," nilisema, "ubingwa wote tangu siku ile ni wa Bi Mahfoudha, pamoja na wa matubwitubwi."

"Kanuni itazamwe upya!"

"Imeshagongwa muhuri, Sheikh. Umeugonga mwenyewe."

Bi Mahfoudha hakufurahi wala hakukasirika. Alitoa amri yake palepale. Wa kucheza na Bahrain ni vijana wanaoweza kukimbia, wa Bustani na wa Mnarani pamoja. Mwenye kupinga, uwanja upo njiani, aje amfunge.

Wakapinga wote wawili.

Uwanja wetu ulikuwa kipande cha changarawe nje ya Sidab, na pete moja ukutani. Watu wa harusi walitoka kutazama. Sheikh Marhoon alimtaka bingwa aanze.

"Kwa nini nianze?" alisema Bi Mahfoudha. "Mimi nishatia. Zamu yenu."

Sheikh Marhoon akaikunja kanzu, akavuta pumzi ya kiserikali, akarusha. Mpira ulipita juu ya ukuta, mbuzi wakalalamika. Harub akarusha wa kwake, ukamrudia kifuani, akakaa chini.

"Wangu umepita karibu zaidi," Sheikh Marhoon aliniambia.

"Karibu na nini, Marhoon?" Harub alifoka pale alipokaa. "Na Bahrain?"

"Afadhali mimi, nimevuka ukuta! Wewe umejipiga mwenyewe!"

"Nimejipiga kwa shabaha!"

Mabwana hawa walikuwa wanasemezana. Sheikh Marhoon alimpa mkono shemegi yake ainuke, bila ya kuacha kumtukana, wakaondoka bega kwa bega wakibishana upepo ulikuwa unavuma wapi. Waliukata uchochoro, wakapanda baraza, wakaingia ndani. Harub alikuwa ameshakaa kitako na kutia halwa mdomoni ndipo Nasriya alipochungulia mlangoni. Alimwona mjomba wake, akarudi chumbani mbio, safari hii akiita aletewe wanja.

Nilimwuliza Bi Mahfoudha taratibu kama Kamati imkumbushe ndugu yake ile yamini.

"Akumbushwe na nani? Nyamaza wee," alisema, huku akisikiliza kelele za ndani. "Hilo la nani kakosa zaidi leo, Sleyum mwanangu, waundie kamati. Na isimalize kabla ya harusi."