Tegu wa Bahari ya Barafu

Jumatatu, tarehe 4
Hili sijamwambia mtu, hata mto wangu wa kulalia: ile makala sikuisoma. Niliangalia picha na maelezo yake tu. Mwalimu wa baiolojia alitaka mtu wa kuitafsiri kwa Kiswahili na kuisoma Ijumaa mbele ya wazazi. Mimi, ambaye nikiitwa jina tu sauti inakwenda likizo, nikanyoosha mkono! Kisa? Binamu yangu Redio, jirani yangu wa dawati, asiyezimika, alishaanza kunyoosha wake.
Makala ni ya minyoo wa baharini, kwenye ncha za dunia. Kiingereza kinawaita minyoo wa riboni. Riboni ni utepe. Kamusi: mnyoo kama utepe ni tegu. Dakika mbili! Kazi imekwisha.

Jumanne, tarehe 5
Haijaisha. Mama alipekua mfuko wangu akitafuta soksi chafu, akakuta karatasi. "Tegu huyu hufika mita mbili. Ana njaa isiyokwisha. Hutoa mrija mrefu na kunasa chochote." Akanikalisha kitandani. Akasema mwanangu, ugonjwa si aibu, umeanza lini? Ningesema ni tafsiri. Lakini angetaka kuiona makala. Nikasema, Jumapili.

Jumatano, tarehe 6
Muuza dawa kauliza kwa sauti ya mnadani, mbele ya foleni nzima: mita mbili, nani kazipima? Nikasema nilikadiria. Nyumba nzima imemeza vidonge, hadi bibi, ambaye sasa nikipita anakumbatia sahani yake. Redio kanipa jina: Mwenye Nyumba. Eti nimepangisha.

Ijumaa, tarehe 8
Ardhi, pasuka. Mama kiti cha mbele. Nilisoma kwa sauti ya mbu. Mwalimu akauliza kwa upole, huko kwenye barafu tegu wako anaishi tumboni mwa nani? Nikajibu, mwa wenyeji. Redio akadakia kwamba tegu hana hata mdomo, atanasaje? Ukumbi ukaangua kicheko.
Mwalimu akaeleza. Hawa si tegu, ni wawindaji. Wapo wa aina nyingi, na baadhi mrija wao una kisindano cha kuchoma mawindo. Mmoja mkubwa wa kusini hula sponji wa baharini, mizoga ya samaki, hata kinyesi cha sili. Ute wake mchachu huwafukuza wanaotaka kumla. Mwindaji mzima, nami nimemfanya mpangaji! Nilitamani niwe na ute huo, watu wote waniogope, nitoke pale.
Njiani Mama akauliza, kwa hiyo unaye au huna? Kusema sina ni kukiri kwamba sikusoma. Nilitazama viatu vyake. Nikasema ninaye, ila mdogo.

Jumapili, tarehe 10
Mwalimu kanihurumia, kanipa makala nyingine, niisome kesho darasani. Kiingereza kinawaita matango ya bahari. Redio kadai eti watu huwaita majongoo bahari, na wanatembea. Wivu tu! Tango nani asiyelijua? Makala hata sijaifungua. Nimeshaandika: "Mboga hii ya chumvi humenywa kwanza, kisha hukatwa vipande..."
Nyayo. Ni Mama, nasikia kijiko kikigonga kikombe. Dozi ya pili, ya yule mdogo. Naficha hii chini ya mt