Simba Mwenye Kwato

Jioni ile redio ya Bushiri Kahawa ilimfanya Mzee Nashoni asahau kashata mdomoni. Vijana wa Mbalibali wameurudia ule wimbo wa zamani wa litungu, kinubi chetu, na gitaa, "Simba Mwenye Kwato", na mtangazaji anasema mwoga anayeimbwa mle ni Wangwe wa hukohuko Mbalibali. Kesho anaalikwa studio.

Hapa Tarime wimbo huo anaujua hata mtoto wa mgongoni. Kijana anapeleka ng'ombe wa mahari ukweni, Natta. Punda analia kichakani, kijana anadhani ni simba, anatimua mbio na ng'ombe anawaacha. Kijana huyo ni Mzee Nashoni mwenyewe. Ukipigwa harusini, anatoka nje. Alihama kwao kuukimbia, akaukuta Tarime umetangulia, tena umepata gitaa.

"Tata, mshukuru Mungu," Bushiri akasema akimimina kahawa. "Aibu imepata mwenyewe mwingine."

"Mwenyewe yupi? Wangwe hana hata ndama. Alikimbia akiacha nini?"

"Si wewe uliyekwenda kwa mtendaji ukitaka wimbo upigwe marufuku?" aliuliza Winfrida, muuza maandazi, ambaye sisi tunamwita Redio Mbao.

"Nilitaka ufe. Sikusema wampe mtu."

"Kumbe woga nao una mirathi."

"Cheka tu. Wagombea wangapi wamepita hapa na nyimbo zao? Kura zikihesabiwa, na wimbo umezikwa. Wangu upo. Miiba imenichoma mimi, halafu Wangwe ndiye aende studio na viatu vipya?"

Winfrida hakungoja kutumwa. Alipiga simu redioni, akaweka sauti ya nje, akamsogezea mzee.

"Uko hewani, mzee wangu," mtangazaji akasema. "Ila wewe ni wa nne leo kudai ndiye uliyekimbia. Utathibitishaje?"

Mzee Nashoni akasimama, akavua kofia.

"Kuna ubeti hamjawahi kuusikia."

Bushiri akaiweka birika chini. Mzee akaimba, na sauti bado anayo:

"Shuka mtini, mchumba, punda kaenda zake.
Bibi harusi kashika fimbo, bwana harusi kashika tawi."

Studio nzima ikaangua kicheko.

"Ubeti huo mbona haumo kwenye wimbo?" mtangazaji akauliza.

"Mpiga litungu alikula beberu wangu ili aufute. Marehemu alikuwa mwaminifu, mpaka kaburini."

Aliposema beberu, nilifumba macho nikamwombea ulinzi.

"Mzee, ni wewe; aibu kama hiyo mtu hajitungii. Wangwe tutamwambia asije."

Mzee Nashoni akaketi kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe walioibwa. Winfrida alikuwa ameshaushika ubeti, anauimba huku akigeuza maandazi.

"Umejimaliza, tata," Bushiri akasema. "Huo nao utaishi kuliko sisi."

"Uishi. Ila Winfrida, hapo kwenye 'tawi' panda juu kidogo, unaniharibia."

Simu ya mzee ikaita. Alikuwa Mama Mokami, mkewe, yule yule aliyeshika fimbo. Naye nyumbani ana redio.

"Nashoni."

"Naam, mama."

"Yule beberu uliniambia kaliwa na fisi."

Mzee akaitazama simu, akaizima taratibu. Akachukua bakora yake, akatuaga kwa heshima, akaondoka kwa hatua ndefu kuelekea upande ambao nyumba yake haiko.

Bushiri akaanza kugonga birika kwa kijiko.

"Ubeti mwingine huo," akasema. "Nani ana gitaa?"