Mtaimbo Uliogoma Kuwa Sindano

Jamani, leo nimechekwa na Ihanda nzima.

Yalikuwa mahafali ya kidato cha nne ya binti yangu, Kemilembe. Mimi mkulima wa kahawa (niliishia la saba, tena kwa huruma ya walimu) nikateuliwa kuongea kwa niaba ya wazazi. Asubuhi mtoto akanisihi: "Baba, leo usiniaibishe. Ongea kidogo, ukae."

"Wewe tulia. Utajivunia baba yako."

Nilikuwa na silaha. Zamani nikiwa kibarua wa barabara, fundi mmoja Mchina alitufundisha msemo wa kwao: ukiusugua mtaimbo bila kuchoka, mwisho utakuwa sindano. Yaani mafanikio ni ya asiyekata tamaa. Nikabeba mtaimbo na tupa ya kuusugulia, vijana wajionee. Kufika shuleni, tupa ninayo, mtaimbo umeondoka na bodaboda iliyonileta!

Zamu yangu ikafika. Nikautoa msemo. Makofi! Nikanogewa. Sasa niwaonyeshe nini? Kugeuka, pembeni ya turubai naona chuma kimechomekwa ardhini, kimeviringishiwa vitambaa vya mapambo. Nikakivuta. Kikagoma.

"Wanangu, kimegoma. Tukate tamaa?"

"Hapanaaa!"

Nikavua koti. Mkuu wa shule akawa ananipungia mikono yote miwili (nikajua ananishangilia). Kemilembe kajiinamia. Nikasema leo ni mimi au chuma. Nikavuta kwa nguvu zote za mtu aliyelelewa kwa ndizi na maharage. Kikang'oka!

Kumbe ndicho kilichoshikilia kamba ya turubai. Likashuka taratibu juu ya mgeni rasmi, wazazi na keki. Bibi mmoja akapiga yowe, akimwita mama yake kwa kilugha: "Mawe! Tumekwisha!" Mwanafunzi naye, kutoka gizani, kwa adabu zote: "Shikamoo mzee, tunaomba ukae!"

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini hotuba haiachwi njiani. Humo humo chini ya turubai nikapaza sauti: "Kwa hiyo wanangu, msikate tamaa!"

Tulipotolewa, hakuna aliyeumia ila mimi, tena heshima tu. Kemilembe akanijia, krimu ya keki kwenye nywele. Nikajua leo nimempoteza mtoto. Akanikumbatia, anacheka mpaka machozi: "Baba, twende nyumbani kabla hujashika kingine."

Bidii ninayo, wala sijaiacha. Ila siku nyingine kabla ya kung'oa nitauliza kwanza kinashikilia nini. Na nyie mliorekodi, kwa heshima na taadhima, isifike kwenye kundi la ukoo.